Taji, mkoba, bangili au mkufu: shanga za Kiyoruba, uchukue ipi?

Shoga yangu mmoja ameolewa na Myoruba, wanaishi Houston. Mwezi wa nne alinipigia simu usiku, sauti imejaa furaha: baba mkwe wake anapewa uchifu kwao Ekiti, Nigeria, na yeye, mke wa mtoto wa kwanza wa kiume, hataki kwenda mikono mitupu. "Wewe si fundi wa shanga? Nimeliona taji mtandaoni, lina ndege juu, na nyuzi za shanga zinashuka mpaka kidevuni. Nakutumia picha, unishonee moja nimpelekee mzee."

Nikamwambia, shoga, ngoja kwanza. Taji hilo ukilifikisha Ekiti, zawadi itageuka kesi.

Natunga shanga Mombasa, mwaka wa 22 sasa. Mikono yangu imezoea kazi za kwetu: mikanda, kosi za Kimaasai, mikufu ya maharusi. Shanga za Kiyoruba zilinijia zenyewe, siku mteja mmoja aliponiletea mkoba wa mpiga ramli wa Kiyoruba ulioanza kufumuka. Tangu hapo sijatulia. Nimesoma, nimeuliza Wayoruba wenyewe, na sasa watu wananiuliza mimi: nichukue kipi? Kabla sijajibu lolote kuhusu uzuri au bei, huwa nasema jambo moja: kwa Wayoruba, ushanga una mwenyewe. Jua kwanza kama mwenyewe ni wewe.

Kwa Mswahili hili si geni. Utunda wa kiunoni mwanamke hauning'inizi shingoni akaenda nao sokoni. Anajua alipewa na nani, lini, na nani mwenye haki ya kuuona. Wayoruba nao wana shanga za kiunoni, lakini hapa nazungumzia zile za enzi na ibada. Kwa jadi yao, kitu kilichovikwa shanga mwili mzima, pasibaki hata upenyo wa kitambaa, ni cha mtu anayesemezana na miungu: mfalme, babalawo anayepiga ramli ya Ifa, kuhani wa orisha, yaani miungu yao, mtaalamu wa majani na dawa. Mtu wa kawaida akivaa mkufu au bangili za shanga hakuna anayemshangaa. Akitokea na kofia, mkoba na viatu vilivyovikwa shanga tupu, ataulizwa ni nani.

Taji kubwa na kofia ya kila siku

Taji kubwa linaitwa ade. Lina umbo la pia, kilele juu. Ndani kuna kiunzi cha fito, juu yake kitambaa kilichokazwa kwa wanga, kisha shanga ndogo ndogo za kioo, maelfu kwa maelfu, zikizunguka na kupishana rangi. Mbele kuna uso wa mtu, mara nyingi nyuso zaidi ya moja, uliofinyangwa kwa vitambaa vilivyochovywa wanga ndipo ukavikwa shanga, macho yametokeza. Ndege wanapanda ubavuni, na kileleni anakaa mkubwa wao. Kwenye ukingo zinashuka nyuzi za shanga zinazomfunika mfalme uso.

Hizo nyuzi ndizo zinazolifanya taji kuwa taji. Mfalme akilivaa, raia hawamwoni tena fulani mwana wa fulani. Wanaona ukoo mzima uliomtangulia, mpaka kwa Oduduwa, babu wa wafalme wao. Ndani ya kilele mtaalamu wa majani huweka dawa zake, na mfalme haruhusiwi kuchungulia humo. Wanasema akichungulia, atapofuka. Kwa hiyo anayemvika ni mwanamke, mke mkubwa wa nyumba ya kifalme, naye humvika akiwa amesimama nyuma yake. Wale ndege nao huelezwa kuwa ni nguvu za akina mama wakubwa, ambao bila ridhaa yao mfalme hatawali. Nilipolielewa hilo la mke mkubwa niliweka sindano chini nikatafakari kidogo: taji zima, na mikono inayolikalisha kichwani ni ya mwanamke.

Haki ya kuvaa taji lenye nyuzi inarudishwa Ile-Ife, mji ambao Wayoruba wanauhesabu kuwa chimbuko lao. Simulizi inasema Oduduwa aliwagawia wanawe mataji, mara nyingi hutajwa 16, wakatawanyika kwenda kuanzisha falme. Mfalme asiyeweza kuonyesha kwamba ukoo wake unafika huko, hana haki ya nyuzi. Wala haya si mambo ya hadithi tu. Mwaka 1903 kulitokea ugomvi kuhusu mtawala aliyevaa taji lisilo haki yake, na gavana Mwingereza wa Lagos akamwita Ooni, yaani mfalme, wa Ife, Adelekan Olubuse I, aje aseme nani anastahili na nani hastahili. Ooni kutoka nje ya Ife lilikuwa jambo lisilosikika, na wafalme wengine waliacha majumba yao mpaka yeye aliporudi. Sasa fikiria shoga yangu anateremka kwenye gari na boksi lenye kitu hicho, kwa ajili ya chifu.

Hata majina yao yanalibeba. Ukikutana na Adekunle, Ademola, Adebayo, ile Ade ya mwanzo ni taji lenyewe. Adekunle ni taji limejaa nyumbani.

Upande wa pili kuna orikogbofo, kofia ndogo ya shanga isiyo na nyuzi usoni. Jina lake linabeba maana kwamba kichwa cha mfalme hakiachwi wazi. Ndiyo anayovaa siku zisizo za sherehe kubwa, na kwa sababu haifungwi na masharti ya lile kubwa, mafundi wameichezea kwa maumbo mengi. Zipo zilizoshonwa kwa mfano wa wigi la mahakimu wa Kiingereza, mikunjo yote ikaigwa kwa shanga nyeupe. Mimi kama fundi naipenda zaidi orikogbofo, kwa sababu humo unaona akili ya mshonaji mmoja mmoja. Lakini nayo ni ya mfalme.

Kwa hiyo kati ya ade na orikogbofo, ushauri wangu kwa asiye mfalme ni mmoja: usichukue yoyote. Kama taji limekuteka moyo, nenda ukalitazame. Jumba la makumbusho la Brooklyn, New York, linalo taji la Onijagbo Obasoro Alowolodu, aliyekuwa Ogoga, yaani mfalme, wa Ikere tangu 1890 mpaka 1928, na Ikere iko hukohuko Ekiti kwa wakwe zake shoga yangu. Ukisimama mbele yake, angalia jinsi mistari ya shanga inavyofuata mviringo bila kuteleza. Mtu aliyeshona vile hakupima kwa rula.

Na kama unataka shanga za Kiyoruba ukutani kwako, iko njia safi zaidi. Osogbo, mji wa orisha Osun, ulitoa wasanii waliohamishia ufundi huu kwenye picha tangu miaka ya 1960. Anayejulikana zaidi kwa hilo ni Jimoh Buraimoh, aliyezaliwa 1943, ambaye alianza kubandika shanga kwenye picha kama mwingine anavyopaka rangi. Picha ya namna hiyo imetengenezwa itazamwe na yeyote, na fundi anakuuzia kwa moyo mkunjufu. Kwa mapambo ya nyumba, mimi ningechukua hiyo bila kusita.

Mkoba wa babalawo

Hapa ndipo nilipoingilia mimi, kwa hiyo vumilia nikiongea sana.

Mkoba wa Ifa wanauita apo Ifa. Ule nilioletewa ulikuwa umefungwa kwenye khanga, mdogo kama daftari la shule, kamba yake pana imeshonewa shanga pia. Mbele uso, macho mawili ya shanga nyeupe yaliyozungushiwa nyeusi. Pembeni ya uso, msuko unaopita juu na chini, juu na chini, kama ukili wa mkeka usio na mwanzo wala mwisho. Nikaugeuza ndani nje kadiri ulivyokubali. Hapo ndipo unapomjua fundi. Shanga hazikushonwa moja moja: zilitungwa kwanza kwenye uzi, uzi ukalazwa kwenye kitambaa, halafu uzi wa pili ukapita ukiushika ule wa kwanza kila baada ya shanga kadhaa. Kwa nyuma inaonekana mishono mifupi iliyonyooka kama safu ya mchele. Palipofumuka, uzi wa kushikia ulikuwa umeliwa na jasho, lakini uzi wa shanga ulikuwa mzima, ndiyo maana hakuna hata ushanga mmoja uliokuwa umepotea.

Kwenye bitana, pembeni, kulikuwa na kitu kigumu kama kokwa, kimeshonewa ndani. Nikampigia mwenye mkoba. Akaniambia: usikiguse. Sikukigusa. Na sisi mkoba wa mganga haufunguliwi na asiye wake, sikuhitaji maelezo zaidi.

Ndani ya mkoba kama huo babalawo huweka vyombo vyake, hasa opele, mnyororo wa kupigia ramli. Ifa inakwenda kwa alama kuu 16 zinazozaa 256, na kila moja ina mashairi yake ambayo babalawo hujifunza kwa miaka mingi. Msomaji aliyewahi kuona ramli ya pwani, ile ya vitone kwenye mchanga yenye nyumba 16, atahisi yuko karibu na nyumbani. Mwaka 2008 UNESCO iliiandikisha Ifa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Sasa linganisha na odigba. Huo ni mkufu mrefu wa nyuzi nyingi za shanga, ukiwa na vifurushi vidogo vilivyovikwa shanga, na babalawo huuvaa kifuani kwenye sherehe. Kwa macho, odigba inashinda: inang'aa, inachezacheza mtu akitembea. Lakini odigba inasema cheo. Aliyeivaa ametangaza kwamba yeye ni babalawo, na atakayemwona atategemea aweze kujibu. Mkoba hautangazi vile. Mkoba mpya, ulionunuliwa kwa fundi, ambao hakuna mtu aliyeuwekea kitu wala kuuombea, bado ni kazi ya mikono. Unakuwa kitu kingine pale mwenye ujuzi anapoutia vyombo na maneno. Kwa mtu anayependa ufundi na anataka kipande kimoja cha kweli cha Kiyoruba, hiki ndicho ninachokipendekeza: mkoba mpya, na jina la fundi aliyeushona.

Nasisitiza mpya. Mikoba na mataji ya zamani yanayouzwa mara nyingi yametoka kwenye nyumba za ibada, na si yote yaliyotoka kwa ridhaa. Nigeria hairuhusu vitu vya kale kutolewa nchini bila kibali cha tume yake ya taifa ya makumbusho. Muuzaji akikwambia kipande kina miaka mia na hana karatasi, pana tatizo: ama anakudanganya kuhusu umri, ama anakuuzia kilichoibwa. Hata ukiwa hujakusudia ubaya, hilo si jambo la kulala nalo usingizi.

Mafundi wapo. Efon-Alaaye, Ekiti, ukoo wa Adesina umejulikana kwa vizazi kwa kushona mataji na vyombo vya wafalme. Ife yenyewe ina washonaji, na miji mingine pia. Kwa jadi washonaji hawa ni wanaume, jambo lililonishangaza mimi niliyezoea kuona shanga za Kimaasai mikononi mwa akina mama. Na kabla ya kazi kubwa kama taji, fundi humtolea sadaka Ogun, mwenye chuma, kwa sababu sindano ni chuma. Siku hizi nikipitisha uzi kwenye sindano nyembamba na mkono ukitetemeka, namkumbuka fundi huyo.

Bangili ya Ifa na mikufu ya orisha

Hizi ndizo zinazoulizwa zaidi na vijana walioko Ulaya na Marekani, kwa kuwa ni ndogo, ni rahisi, na zinapatikana kila mahali. Ndizo pia zinazonitia wasiwasi zaidi.

Ide ni bangili ya Orunmila, mwenye Ifa, nayo huvaliwa mkono wa kushoto. Nigeria shanga zake kwa kawaida ni kijani na hudhurungi. Kuba, walikofikishwa Wayoruba wengi kwa utumwa, ni kijani na njano. Ukiona picha mbili zenye rangi tofauti usidhani mojawapo ni feki. Ni bahari tu imepita katikati. Maana ni moja. Inasimuliwa kwamba Orunmila alifanya mapatano na Iku, ambaye ndiye Mauti, kwamba asimguse mwenye alama hiyo kabla ya siku yake. Bangili ni kitambulisho. Kitambulisho unapewa na mwenye mamlaka, hukichapishi nyumbani.

Mikufu ya orisha, ileke kwa Kiyoruba, ni ya mlango mwingine. Nigeria waumini huvaa rangi za orisha wao: nyeupe kwa Obatala, nyekundu na nyeupe kwa Sango, rangi ya asali kwa Osun. Kuba jambo hili limepangwa kwa hesabu. Mara nyingi mtu hupewa mikufu mitano kwa pamoja, na kila mmoja una mpangilio wake wa rangi na idadi: Elegua nyekundu na nyeusi kwa tatu tatu, Chango (ndiye Sango) nyekundu na nyeupe kwa sita, Yemaya bluu na nyeupe kwa saba, Ochun (ndiye Osun) njano kwa tano, Obatala nyeupe kwa nane. Nyumba za ibada hutofautiana kidogo. Mikufu huoshwa kwa maji ya majani kabla ya kuvikwa mtu, na mwenyewe anafundishwa adabu zake: haivuki nawe bafuni wala kitandani. Brazili nako, kwenye Kandomble, dini ya orisha ya Bahia, mikufu ni mirefu na ina sheria zake.

Rangi zenyewe Mswahili anazifahamu kuliko anavyodhani. Wayoruba kwa jadi wana makundi matatu: funfun, nyeupe na yote yaliyo baridi na angavu, pupa, nyekundu pamoja na njano na machungwa, dudu, nyeusi, ambamo bluu na kijani huingia. Hizo ni zile nguo tatu za mganga wa pwani, nyeupe, nyekundu na kaniki. Na kaniki, ukiiangalia vizuri juani, si ni bluu iliyokolea mpaka tukaiita nyeusi?

Kati ya ide na mikufu, ipi uchukue? Kama unafuata njia hii kwa dhati, si wewe utakayechagua. Aliyekupokea ndiye atakayekwambia, baada ya kuuliza Ifa, na atakupa kile unachohitaji. Anza kwa kumtafuta mtu huyo, si kwa kutafuta bangili. Angalia pia atokako: aliyekulia kwenye nyumba ya Kuba na aliyekulia Oyo, Nigeria, watakupa vitu viwili tofauti, vyote halali, na kuvichanganya kwa kuchukua hiki huku na kile kule kunawaudhi wote wawili. Kama hufuati, na unapenda tu kijani na njano, basi tunga mkufu wako kwa mpangilio wako. Rangi hazina hatimiliki. Usiiige tu ile hesabu, wala usiiite jina lake.

Kijana mmoja aliniandikia kutoka Toronto, mkufu wake wa Chango umekatika kwenye treni, ameokota alizoweza kuokota, anataka nimwelekeze kwa picha namna ya kuutunga upya. Sita nyekundu, sita nyeupe: kazi ya dakika kumi, hata mtoto wangu anaiweza. Nilimkatalia. Nikamwambia azifunge hizo shanga kwenye kitambaa cheupe ampelekee mama yake wa kiroho, yeye ndiye atakayesema mkufu umekatika kwa nini na urudi vipi. Baadaye aliniandikia asante.

Kioo, segi, marijani, au plastiki

Ukishajua kitu gani, bado hujajua kitengenezwe kwa nini.

Shanga ndogo za kioo ndizo zinazovika mataji na mikoba. Nyingi zilitoka Venice na Bohemia, ambayo leo ni Ucheki, zikafurika Afrika Magharibi karne ya 19, na ndizo zilizowapa mafundi rangi nyingi tunazoziona. Hadi leo shanga za kioo za Kicheki ninazotumia mimi Mombasa ni za ukoo uleule. Lakini usije ukaamini kwamba kioo Wayoruba waliletewa. Ile-Ife walikitengeneza wenyewe. Mahali paitwapo Igbo Olokun, msitu wa Olokun mwenye bahari na utajiri, mwanaakiolojia Abidemi Babatunde Babalola na wenzake walichimbua zaidi ya shanga 12,000 za kioo pamoja na vipande vya vyungu vya kuyeyushia, kazi ya karne ya 11 hadi ya 15. Mchanganyiko wa kioo hicho haufanani na wa Ulaya wala Uarabuni; ni mapishi yao. Wayoruba wenyewe walikuwa wakisema siku zote kwamba Obalufon, mfalme wa kale wa Ife, ndiye mwenye elimu ya shanga. Ardhi ikaja kuwaunga mkono.

Segi ndiyo shanga ya bluu iliyobaki na heshima hiyo ya kale: ndefu kama bomba dogo, bluu nzito. Ya kale hasa ni adimu, na sikushauri uihangaikie. Mawe mekundu ya akiki, yaliyokuwa yakichongwa na kutobolewa na mafundi wa Ilorin, nayo ya kale hayaonekani sana sokoni.

Marijani, iyun, yanapatikana zaidi. Yalikuja kwa Wareno tangu karne ya 15 kutoka bahari ya Mediterania, na leo hakuna sherehe ya heshima ya Kiyoruba utakayoikosa rangi hiyo. Ubaya ni kwamba nyingi unazoziona ni plastiki. Si dhambi kuvaa plastiki harusini, ila ulipie bei ya plastiki. Gusisha ushanga kwenye jino: kioo na jiwe ni baridi na hulia kidogo, plastiki ni vuguvugu na iko kimya. Tazama tundu: plastiki ina mshono mwembamba wa kalibu. Marijani ya kweli hayafanani mawili, na ukiyaangalia kwa karibu utaona mistari myembamba ya ukuaji wake. Yaliyopakwa rangi yataacha wekundu kwenye pamba yenye dawa ya kufutia rangi ya kucha. Jaribu ushanga mmoja, upande wa ndani, na umwombe muuzaji ruhusa.

Kwa mkoba, usikubali plastiki kabisa. Ni nyepesi, hailali vizuri kwenye kitambaa, na baada ya mwaka mmoja wa jua inapauka.

Kuna vitu vingine sikuvigusa. Usinga wenye mpini wa shanga, fimbo, vijikoti vya shanga vya sanamu za mapacha. Usinga ni mzuri, ila kwao kama kwetu si wa kupungia nzi, na vijikoti vya mapacha ni kumbukumbu ya mtoto wa mtu. Viache.

Turudi kwa shoga yangu. Nilimwomba asinitumie picha wala asinunue shanga kwanza; ampigie shangazi wa mumewe. Shangazi alicheka sana habari ya taji, halafu akasema mzee anahitaji iyun, shingoni na mikononi, na wamletee za kweli. Shoga akayanunua marijani, akanitumia, nami nikayatunga kwa uzi maradufu, fundo baada ya kila shanga, ili siku ukikatika yasitawanyike uwanjani. Mikufu miwili, bangili nne.

Picha ilifika Jumamosi usiku. Baba mkwe amepiga magoti, majani ya akoko yamechomekwa kwenye kofia yake, kwa maana chifu hutawazwa kwa jani, na marijani yangu yanaonekana chini ya kidevu. Nikaikuza mpaka nikayaona mafundo. Pembeni yake amekaa oba, yaani mfalme, aliyemtawaza, amevaa taji lenye ndege, nyuzi zimeshuka. Uso wake hauonekani.